Kanda za Kupimia Spika: Panki ya Utotoni Kirumba, Nimeisikiliza Upya

Kwa mtu wa Mwanza, panki ni samaki kwanza. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kazi huku mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilichobaki baada ya mnofu kuondoka, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, kilishuka mitaani kwa jina la mapanki, na watoto wa Kirumba tumeyala sana, ya kukaanga na ya mchuzi. Kwa hiyo mjomba wangu alipoletewa boksi la kanda lililoandikwa PUNK, yaani panki, muziki wa magitaa ya kasi na kelele, kwa kalamu nyekundu, wateja wake walimuuliza kama ameacha ufundi akaingia kwenye biashara ya samaki.

Mjomba alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa Makoroboi, chini ya mawe makubwa, pale walipokuwa wakikaa wagonga makopo waliotengeneza koroboi. Boksi lile aliachiwa na mwalimu wa kigeni aliyekuwa akifundisha sekondari, mteja wake wa muda mrefu, ambaye redio kaseti yake iliharibika mara nne kwa mwaka mmoja na mara zote nne mjomba akaifufua. Alipomaliza mkataba akarudi kwao na redio, kanda akaziacha. Zilikuwa 11, zote za kurekodiwa nyumbani, hakuna hata moja yenye picha.

Mjomba hakuzipenda kama nyimbo. Sikinde na Marijani Rajabu walikuwa na rafu yao ya juu, wamefunikwa kitambaa. Hizi za panki zilikaa chini, karibu na mguu wake, pamoja na bisibisi na risasi ya kulehemu, kwa sababu zilikuwa vifaa vya kazi. Alizitumia kupimia spika. Spika ikihimili hii, alisema, itahimili chochote mteja atakachoiwekea. Mimi nilikuwa natoka shule saa nane mchana, nakaa juu ya kreti ya soda, nasubiri anipeleke nyumbani jioni. Nimezisikia nyimbo zile mara mamia, vipandevipande, sauti ikipandishwa taratibu hadi spika ianze kukwaruza. Hapo alisimamisha kanda na kuniuliza, "Mama, umesikia inapopasuka?" Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Mjomba ametangulia. Mwezi wa nane mwaka huu mama mdogo alinipigia kutoka Igoma, akasema panya wameanza kutafuna boksi uvunguni, nije nichukue vitu vya mjomba wangu au vitupwe. Nilikuta kanda 7. Haya ninayoandika ni tathmini ya mambo mawili: kazi ya fundi aliyezifufua, na albamu tano zilizotoka humo, nilizozisikiliza kwa masikio ya mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 44.

Nianze na fundi, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kusema. Kanda ya kwanza niliipeleka kwenye duka moja mjini lenye bango la kuhamisha kanda na mikanda ya harusi kwenda kwenye flashi. Waliiingiza kwenye mashine bila hata kuifungua. Roli la mpira lilikuwa na utando mweusi, likaimeza kanda, na nilichorudishiwa kilikuwa ndani ya mfuko, kimejikunja kama tambi. Kijana wa kaunta akaniambia kanda yenyewe ilikuwa imezeeka. Nilitoka pale naumwa kichwa.

Muuza chaja mmoja ndiye aliyenielekeza Makoroboi, kwa fundi ambaye meza yake iko hatua chache tu kutoka kilipokuwa kibanda cha mjomba. Ni kijana, kanda zilipokuwa zikitawala yeye alikuwa hajazaliwa au alikuwa mgongoni. Nikamwekea boksi mezani. Hakugusa mashine. Alichukua kanda moja, akaielekeza kwenye jua, akaniita nisogee. "Mwalimu, tazama pembeni pale." Kwenye kingo za utepe kulikuwa na vumbi jeupe, laini, kama unga uliobaki kwenye ungo. Ukungu. Joto la ziwani na uvungu wa kitanda vilikuwa vimefanya kazi yao. Akanionesha pia kwamba kile kipande kidogo cha sponji kinachosukuma utepe ukaguse hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, kilikuwa kimebanduka na kulala chini ndani ya kasha. "Hii ukiipiga hivi hivi utasikia kama mtu anaimba ndani ya blanketi."

Alifungua skrubu tano, akahamisha magurudumu yote mawili ya utepe kwenda kwenye kasha jingine zima alilolitoa kwenye kanda ya mahubiri, akaupitisha utepe wote taratibu kwa mkono katikati ya kitambaa kikavu, mwanzo hadi mwisho, zaidi ya mita 85 kwa kanda ya dakika 60. Akasafisha hedi na roli kwa spiriti na pamba, akabadilisha pamba mpaka ikatoka nyeupe. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu utoto. Aliiweka kanda ikalia, akaingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu dogo mbele ya mashine na kuzungusha skrubu moja ya hedi kwa kiasi cha unene wa ukucha. Sauti ilikuwa mbali, imefunikwa. Akazungusha kidogo tena. Sahani za dramu zikafunguka ghafla, zikawa pale mezani, kila pigo na ncha yake. Alirudi nyuma kidogo, akasikiliza, akatoa bisibisi. Kila mashine iliyorekodi, akanieleza, ilikuwa na hedi iliyolala kwa namna yake, na hii ya kupigia lazima ilale vilevile. Mjomba alifanya hivyo hivyo, kwa mkono huo huo wa kulia, ulimi ukiwa umebanwa kwenye kona ya mdomo.

Bei ni shilingi 8,000 kwa kanda, flashi unakuja na yako. Alisema siku nne na zikawa siku nne. Dosari ninazo mbili: hakunikatia risiti mpaka nilipoidai, na kila upande wa kanda ameuweka kama faili moja refu, hakutenganisha nyimbo. Hili la pili baadaye nimelipenda, lakini mtu mwingine linaweza kumkera. Kwa kazi yenyewe sina neno zaidi ya wabeja sana, asante ya Kisukuma.

Sasa muziki.

Kanda ya kwanza aliyoifufua fundi, upande wa kwanza, ni Ramones, albamu yao ya mwanzo ya mwaka 1976. Vijana wanne wa New York, nyimbo 14, dakika 29 jumla, gharama yake yote kama dola 6,400, fedha ndogo hata kwa wakati ule. Niliisikiliza kwenye kivuko cha Kamanga nikienda Sengerema kumsalimia shangazi. Siku hizi wengi wanapita daraja la Kigongo–Busisi, mimi bado napenda kivuko kwa sababu kinanipa nusu saa ya kukaa. Wimbo wa kwanza ulianza tulipoachana na gati, na wa mwisho ukaisha wakati wenye pikipiki wanawasha injini ng'ambo. Inaenda vizuri na maji. Gitaa halipumziki hata mara moja, linasaga kama mashine ya unga, na juu yake mtu anaimba sauti tamu ya mapenzi ya shule. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba hizi ni nyimbo tamu.

Jambo la kifundi ambalo mjomba aliligundua kabla yangu: gitaa limewekwa upande mmoja na besi upande wa pili, karibu bila kuchanganyika. Ndiyo maana kanda hii ndiyo aliyoitumia kupima nyaya za stereo. Alichomoa spika moja, akasikia besi tu, akairudisha, akachomoa nyingine, akasikia gitaa tu. Nilivaa visikizio nikafanya vivyo hivyo, sikio moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nini kila mmoja anafanya. Besi inakimbia sambamba na gitaa mwanzo mwisho, kama watu wawili wamebeba ngazi.

Lakini siipi alama zote. Kuna wimbo unaohusu kumpiga mtoto mtukutu kwa gongo la besiboli. Nikiwa na miaka 10 niliuruka-ruka bila kujua neno hata moja. Sasa nina watoto 93 kwenye darasa moja na nimeona mikono iliyovimba, nikauzima. Wimbo wa kufunga albamu nao unaimbwa kwa sauti ya askari wa Hitler, kwa mzaha, na kujua kwamba wawili kati ya wanne hawa, Joey na Tommy, walikuwa Wayahudi kunanisaidia kuelewa mzaha ule, hakunifanyi niupende.

Baada ya wimbo wa 14 mwalimu yule hakuwa amerekodi kitu, na mjomba akatumia nafasi ile kujaribia redio moja. Kwa hiyo kwenye faili langu Ramones wanakoma, kimya kidogo, halafu sauti ya mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam inasoma matangazo ya vifo: marehemu fulani, taarifa ziwafikie ndugu zake popote walipo. Utotoni nilidhani ni sehemu ya kanda. Ramones wote wanne waliopiga albamu ile wameshafariki, Joey 2001, Dee Dee 2002, Johnny 2004, Tommy 2014. Kwenye kivuko niliacha tangazo lile liendelee mpaka lilipokatika.

Sex Pistols, bendi ya Uingereza, 1977, albamu yao moja tu ya studio, nitaipita haraka. Magitaa yake ni mazito na yamepangwa kwa ustadi, matabaka juu ya matabaka, na kwa kupimia spika kubwa hakuna iliyoishinda. Wimbo wao wa kumkejeli Malkia, ule BBC iliokataa kuupiga mwaka wa jubilei yake, bado una nguvu. Lakini mwimbaji amekasirika kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nikifika katikati huwa nimechoka kama niliyekaa karibu na mlevi kwenye daladala. Utotoni ilikuwa ya pili kwangu. Leo ni ya mwisho.

Iliyopanda ni X-Ray Spex, bendi nyingine ya Uingereza, na nataka nikae hapa.

Kwa mjomba hii ilikuwa "kanda ya yule dada." Sauti yake ilipasua kibanda. Inapanda kama ya mama wa Mwaloni anayeuza dagaa wakati lori limewasha injini pembeni yake na yeye hana nia ya kushindwa. Na nyuma yake saksafoni. Kwetu saksafoni ilikuwa ya bendi, ya Jumamosi, ya watu waliovaa suti. Hapa inakwaruzana na gitaa kama kaka na dada waliofungiwa chumba kimoja. Nilijua sauti ile kabla ya kujua jina, na picha sikuwa nimeiona. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na mwalimu hakuacha jalada. Kichwani kwangu alikuwa mzungu mrefu mwenye nywele za njano.

Jina lake la kisanii lilikuwa Poly Styrene, yaani plastiki. Alizaliwa Uingereza mwaka 1957, mama mwenye asili ya Uskoti na Ireland, baba Msomali. Nilipoiona picha yake mara ya kwanza, kwenye intaneti kafe ya Barabara ya Kenyatta nikiwa chuo, nilikaa kimya mpaka muda niliolipia ukaisha. Msichana wa rangi yetu, nywele zetu, waya za kunyoosha meno mdomoni, na hacheki ili kumpendeza mtu. Aliwaona Sex Pistols wakipiga Hastings siku aliyotimiza miaka 19, mwaka 1976, akaenda kuweka tangazo la kutafuta wenzake wa kuunda bendi. Albamu ikatoka mwaka 1978, Germfree Adolescents. Alifariki mwaka 2011.

Sasa kwa kuwa nayaelewa maneno, naona alichokuwa akikiimba: dukani, sabuni, matangazo, vitu vya bandia, mtu anayejitazama kwenye kioo asijitambue. Kuna wimbo mzima unaitwa Plastic Bag, akili ya mtu imekuwa mfuko wa plastiki uliojaa takataka za matangazo. Mimi nimekulia kwenye mwalo ambako mifuko ya rambo ilining'inia kwenye magugumaji kama nguo zilizoanikwa, miaka mingi kabla ya serikali kuipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Aliimba hayo kabla sijazaliwa. Hasira yake ina macho, na pia ina huruma kwa hao anaowaimba, wale wanaofanya kazi madukani na kuota mambo makubwa. Wimbo uliobeba jina la albamu unaenda polepole, karibu kama wa kubembeleza, unamhusu msichana anayesafisha kila kitu kwa hofu ya vijidudu. Mjomba aliruka wimbo ule kila mara, haukufaa kupimia spika. Nimeusikiliza mwezi huu pengine mara 30.

Kama utasikiliza albamu moja tu kati ya hizi, isikilize hiyo.

Bad Brains walikuwa kwenye kanda isiyo na maandishi kabisa. Nilichokumbuka ni kasi, kasi ya kutisha, wimbo unaanza na kuisha kabla hujapata mahali pa kukaa, halafu ghafla bila onyo reggae inaingia, tulivu, nafasi tele kati ya pigo na pigo, mtu anamwita Jah. Mjomba alikuwa na maelezo yake: aliyerekodi alichanganya kanda mbili. Niliamini hivyo hadi utu uzima. Siyo. Ni bendi moja, Weusi wanne wa Washington waliokuwa wakipiga jazi kabla hawajaingia kwenye panki, wakafuata imani ya Rasta, na reggae imo kwenye albamu yenyewe kwa makusudi. Tena ilipotoka mwaka 1982 ilitolewa kwa kanda tu, haikuwa na santuri. Niliposoma hilo nilimwambia fundi, akaishika kanda yangu upya kwa vidole viwili, akaiweka mbali na chai yake.

Inasimama vizuri sana. Wenye kupiga kasi ile wengi wanafanya fujo. Hawa kila mkono unajua unakwenda wapi, na reggae inapoingia unatambua kwamba walikuwa wakiweza kusimama muda wote. Attitude, dakika moja na ushee, niliipiga mara tatu mfululizo nikipanda mlima wa nyumbani Kirumba, jiwe baada ya jiwe, na nilifika juu bila kupumzika. Dosari ninayoiona ni kwamba sauti ya kanda hii imechakaa kuliko zote na maneno ya mwimbaji yanazama. Hapo fundi alifanya alichoweza.

Ya mwisho ni London Calling ya The Clash, Desemba 1979. Nyumbani kwetu London ilikuwa redio: Idhaa ya Kiswahili ya BBC, jioni, watoto nyamazeni. Niliposikia wimbo unafunguka kwa gitaa la kukatakata na mtu anaita London, nilidhani ni ishara ya kituo, habari zinafuata. Na kumbe jina lenyewe limetokana na mwito ambao BBC iliutumia wakati wa vita kujitambulisha hewani. Mtoto hakukosea sana. Maneno ni ya mtu anayekaa kando ya mto akisubiri maji yapande, na mimi nimekwisha kuona ziwa lilivyopanda mwaka 2020, mawe niliyozoea kufulia yakiwa chini ya maji.

Albamu ni ndefu, dakika 65, nyimbo 19, na ndani yake mna reggae, ska, roki ya zamani, mapenzi, vita vya Hispania. Zipo ambazo ningezitoa. Lakini wanapiga kama watu waliokaribisha majirani wote. Kitu kimoja kinaniuma: jalada lake maarufu ni picha ya mpiga besi, Paul Simonon, akivunja gitaa lake jukwaani New York. Mimi nimekulia kwenye kibanda ambacho hakuna kitu kilichotupwa, hata skrubu. Nilifarijika kujua kwamba vipande vimehifadhiwa na vimeoneshwa makumbusho.

Mwalimu aliirekodi kwenye kanda ya dakika 60. Hesabu haikubali. Upande wa kwanza unaisha ndani ya wimbo wa kumi, The Guns of Brixton, ambao Simonon mwenyewe aliuandika na kuuimba. Inaingia besi ile, nzito, inayumba kama mtumbwi uliofungwa, mistari michache, halafu utepe unaisha na kitufe kinaruka: tap. Miaka yote sikujua unakwendaje mbele. Sasa nimeusikia mzima kwenye simu, una dakika tatu na zaidi, na ni mzuri kuliko nilivyowahi kuukisia.

Fundi alitaka kunifanyia hisani. "Dada, nikuungie kipande kilichobaki, kiwe kimoja, hutasikia hata kiungio." Nikamwambia hapana. Upande ule wa nusu saa ndio mjomba aliouwekea kila redio aliyoimaliza, aione kama itadumu bila kuzima wala kupata moto. Sauti ya mtu wa Brixton ilipokatika na kitufe kuruka, mjomba aligusa kasha kwa nyuma ya mkono kupima joto, akasema "Imepona," na mteja akaanza kutafuta pesa mfukoni.